Viti Vinavyokua

Nilipofukuzwa kiwanda cha viberiti, kosa langu lilikuwa moja: nilipanda juu ya pipa nikawaambia watu kwamba vyumba tunavyopangishwa na kampuni ni vidogo. Sikusema uongo. Ukitaka kuvaa suruali ilibidi ufungue mlango kwanza, na jirani akikohoa, pazia lako linatikisika. Walionicheka ni wenye vyumba hivyo hivyo. Aliyecheka kuliko wote alikuwa fundi saa wa mtaa wetu, nakumbuka vizuri maana chai ilimtoka puani. "Vyumba ndivyo vidogo," akasema, "au wewe mdomo wako ndio mkubwa?" Watu wakapiga makofi. Mimi sisahau. Waliopiga makofi nawajua mmoja mmoja, na wengine nimewachimbia kaburi kwa mikono hii.

Nikarudi kwenye useremala, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kuharibu mbao za watu. Kampuni moja ya michezo ya televisheni ikaniajiri niwajengee nyumba zisizo na ukuta wa nne. Dada yangu alikuwa mjane, nikamwombea kibarua pale pale cha kufua mapazia, naye akaja na mwanawe wa pekee, mdogo wa umbo hata tukamwita Nukta. Nukta alishinda chini ya benchi langu akichezea maranda.

Siku moja wakaja kutafuta mtoto wa kuigiza. Mwongozaji, bwana aliyevaa skafu hata kwenye joto la kuyeyusha mishumaa, akawapanga watoto wa watu mstari, akawaamuru walie. Wote wakapiga mayowe kama wanachinjwa. Nukta, ambaye hata hakuwa kwenye mstari, akachungulia kutoka chini ya benchi, akauliza:

"Nilie kwa sababu gani?"

Mwongozaji akajikuna chini ya skafu. Katika kazi yake yote hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza hivyo. Akiwa bado anatafuta jibu, chozi moja likamtoka Nukta jicho la kushoto, likateremka polepole, likasimama kidevuni kama linangoja ruhusa. Jicho la kulia, kavu kama ubao.

"Huyo," mwongozaji akanong'ona. "Mtu asimfute!"

Mchezo wenyewe mliutazama wote, msijifanye. Kila Jumapili jioni, baba, mama, paka na mtoto wa miaka minane wamezunguka meza. Baba anakosea, mama ananuna, mtoto anadondosha lile chozi la kushoto, wanapatana. Basi. Kwa ajili ya huo upuuzi watu waliacha sufuria zikiungua, na mikutano yangu ya Jumapili ya kudai vyumba vikubwa ikabaki na mimi na viti.

Shida ni kwamba mtoto hula, na anayekula hukua. Magoti ya Nukta yalipoanza kugonga meza kwa chini, bosi wa kampuni akaniita ofisini. Bosi huyu alikuwa akimpa mfanyakazi vidole viwili tu vya kusalimiana, vingine anawawekea wakubwa wenzake.

"Fundi, mtoto anakua."

"Ndiyo tabia yao, bosi."

"Wenye maziwa wanaotulipia kipindi wanataka mtoto wa miaka minane. Mkataba unasema miaka minane. Hausemi mpaka lini." Akaegemea kiti. "Kwa hiyo mtoto hawezi kukua. Itakayokua ni meza."

Nikacheka. Hakucheka. Nikaenda kukuza meza.

Toka hapo kila msimu nilirefusha miguu ya viti, nikapandisha madirisha, nikapanua mlango mpaka ukawa kama wa ghala. Vijiko alifua mhunzi. Kikombe kilikuwa ndoo tuliyoitia mkono. Slesi ya mkate tuliikata kwenye godoro, na Nukta akajifunza kuitafuna bila kuimeza, jambo ambalo magazeti yaliliita kipaji. Yule muigizaji aliyekuwa baba yake wa Jumapili alivalishwa kwanza viatu vya soli nene, kisha mironjo, ile miti ya miguuni wanayotembelea wanasarakasi, suruali ikashuka mpaka chini kuificha. Mama wa Jumapili alikataa mironjo, akawa anaigiza akiwa amekaa tu, juu ya kreti za soda. Paka tulimstaafisha. Akaletwa mbwa aliyebandikwa masharubu, naye alipoonekana mdogo, akaletwa ndama aliyepakwa mistari. Ndama akilia, fundi sauti anamtilia nyau juu yake.

Sauti ya kijana ikavunjika. Wakamtafuta bibi aliyekuwa akitupikia chai, mwenye sauti ya filimbi, wakamsweka chini ya meza na kipaza sauti chake. Nukta akawa anafungua mdomo, bibi anasema. Ndevu zilinyolewa asubuhi, na mchana zikanyolewa tena.

Tuzo ya Mtoto Bora alishinda kila mwaka, hata watoto aliowashinda wakakua, wakaoa, wakazaa, wakaleta wana wao kushindana naye, akawashinda na hao. Waziri mmoja alitaka kumbeba jukwaani apigwe naye picha. Waziri huyo mpaka leo anatembelea fimbo. Na magazeti yakaandika kwamba nyota yake inapaa. Kupaa! Mtu kafungwa pingu za kaptula, wanasema anapaa.

Aliyemshonea hizo kaptula alikuwa binti wa chumba cha mavazi, tuliyemwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake. Wengine wote pale kazini waliogopa kutamka kwamba kijana kaongezeka. Sindano alimzungushia futi kiunoni akamwambia, "Wewe, umenenepa. Na mabega haya ya mbeba magunia nitayaficha wapi, kwenye bajeti?" Mapenzi yalianzia hapo. Kijana ambaye dunia nzima inamkataza kukua alikuwa amepata mtu wa kumwambia amekua, tena kwa kumfokea.

"Mjomba," akaniambia siku moja nikiwa juu ya ngazi, napigilia kitasa kikubwa kama sinia, "nataka kuoa."

"Una miaka mingapi?"

"Mjomba!"

"Nauliza kwa niaba ya kampuni."

Aliponitajia binti, nilishuka ngazi nikakaa chini. Baba yake Sindano nilikuwa namjua. Ni yule yule wa chai ya puani.

Tukaenda, mimi, dada yangu, na Nukta aliyevaa koti na kuacha kunyoa makusudi. Fundi saa alikuwa bado anakaa kwenye chumba kile kile cha kampuni ya viberiti, pazia katikati, cherehani ya bintiye nyuma ya pazia. Alipofungua mlango uso ukamchanua.

"Lo, Mtoto wa Jumapili! Karibu baba, karibu. Jamani mleteeni peremende!"

Tukakaa, magoti yetu yakigusana na yake. Nikameza miaka yangu yote, nikasema, "Mzee mwenzangu, tumekuja kumposea huyu binti yako."

Akanitazama kama nimemwekea nyoka mezani. "Huyu? Mtoto wa miaka minane? Unataka nifungwe?"

"Mzee, nina ndevu," Nukta akasema.

"Utundu huo, umebandika. Na hiyo sauti, umekunywa maji ya baridi. Dada, mtoto asipewe maji ya baridi."

"Nimekupita kimo, mzee."

"Hapa unaonekana hivyo. Lakini mimi nakuona kila Jumapili, mwanangu. Miguu yako haifiki chini. Mwanamume ambaye miguu yake haifiki chini atamlisha nani?"

Sindano akatoa kichwa nje ya pazia. "Baba, mimi ndiye ninayempima!"

"Wewe unapima nguo. Mimi nimeona kwa macho." Akasimama, maana yake tusimame. "Siku miguu yake ikifika chini, Jumapili, mbele za watu, rudini. Lakini msichelewe. Kuna karani mmoja wa stesheni ameshaleta maneno ya posa, na mwisho wa mwezi namjibu."

Nukta akaenda kwa bosi kuomba ruhusa ya kukua.

"Taifa haliko tayari," bosi akamwambia. "Halafu nina habari njema. Tunatengeneza filamu, ya skrini kubwa! Tumekupandisha cheo. Utakuwa na miaka sita."

Mimi nikaitisha mgomo wakati wa chakula. Mhunzi akauliza, akigoma, vijiko vikubwa atafua nani. Mlisha ndama akauliza kama ndama naye agome au aendelee. Mama wa Jumapili akasema yeye yuko nami moyoni, ila asishushwe kwenye kreti. Nikawaangalia, nikayaona makofi yale yale ya zamani. Nikachukua msumeno.

Jumapili iliyofuata ilikuwa sherehe ya mchezo, wanarusha moja kwa moja, hakuna kukata wala kurudia. Wakati wakubwa wanapigana picha nje, nilishusha kila kitu kikawa cha kipimo cha binadamu. Meza nikaikata, viti nikavikata, mlango nikaubadilisha, ndoo nikaiondoa nikaweka kikombe. Mironjo ya baba wa Jumapili niliikata akiwa ameivaa, naye hakupinga, alisema tu, "Taratibu, fundi, usije ukafika kwangu." Bibi wa chai nikampa karanga mdomo mzima.

Taa zikawaka. Nukta akakaa, na miguu yake ikafika chini, nyayo zote mbili, bapa. Baba wa Jumapili akaingia. Kumbe ni mtu mfupi! Akasema maneno yake aliyoandikiwa: "Njoo mwanangu nikupakate." Nukta akasimama, akamtazama kwa juu, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito:

"Baba, nimekua. Nataka kuoa."

Chini ya meza, bibi alitafuna karanga. Mwongozaji alitafuna skafu. Na baba wa Jumapili, aliyekuwa hajaigusa sakafu ile miaka yote, alipoisikia chini ya miguu yake akalia, macho yote mawili.

Kesho yake nilivaa shati safi, nikangoja mapinduzi.

Walikuja kweli, umati mpaka barabarani. Lakini walibeba mbao. Walibeba mabati, misumari, mablanketi. Mama mmoja mbele alikuwa amejishika kichwa: "Nyumba imesinyaa! Jamani nyumba ya watu imesinyaa na mtoto yumo ndani!"

Hakuna aliyesema mtoto amekua. Nawaapia, hata mmoja. Profesa mmoja aliletwa hewani kueleza kwamba nyumba husinyaa kwa unyevu. Wenye maziwa wakatangaza kwamba maziwa yao huimarisha kuta. Bosi akaja benchini kwangu akanipa mkono mzima, vidole vyote. "Fundi, hii akili umeificha wapi? Msimu ujao punguza tena. Nataka mlango umfike kiunoni."

"Mjomba, miguu ilifika chini," Nukta akaniambia usiku ule tukiwa tunapanga mbao za sadaka.

"Ilifika, mwanangu."

"Na hawakuona."

Nikampa ubao mwingine apange. Lakini mwezi ulikuwa unaisha na karani wa stesheni alikuwa anapiga pasi shati lake, kwa hiyo tukarudi kwa fundi saa kujaribu bahati. Njiani tukakuta mtaa mzima uko nje na futi mikononi, watu wanapima milango yao. Walikuwa wamegundua kwamba ukitaka kuvaa suruali inabidi ufungue mlango. "Zimesinyaa hata zetu!" wakapigiana kelele dirisha kwa dirisha. Mtu kapanda juu ya pipa, anadai kampuni irudishe vyumba kama vilivyokuwa. Pipa!

Nukta, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa mawazo, akakiinua akiwa mlangoni kwa fundi saa. Kikagonga kizingiti cha juu, ngo! Fundi saa akaruka kitini. Akapapasa kizingiti, akapapasa paji la uso la Nukta, rangi ikamtoka.

"Imeanza," akasema. "Hata kwangu imeanza."

Akamkalisha Nukta kwenye kigoda, miguu chini, magoti kifuani. "Mwanangu, wewe umetoka kwenye nyumba iliyosinyaa. Niambie usinifiche. Inakuwaje?"

Nukta akafikiri. "Unaamka siku moja tu, mzee, unaona hutoshei."

Fundi saa akatazama kuta, akatazama pazia. "Mchukue binti yangu," akasema. "Mchukue wiki hii, kabla haijambana."

"Na umri wangu, mzee?"

"Umri utaongezeka njiani. Nyumba haitaongezeka."

Nyuma ya pazia cherehani ikanyamaza. Dada yangu akashika mdomo kwa khanga. Fundi saa akanigeukia, amenishika mkono kwa mikono miwili, mtu aliyeona mwanga.

"Mzee mwenzangu, wewe ni seremala. Hivi vyumba ni vidogo!"

"Ni vidogo."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua. Toka enzi za kiwanda."

"Sasa mbona hukusema?"

Vyote vikanijaa mdomoni kwa pamoja, pipa, makofi, kazi yangu, chai ile ikichuruzika puani mwake. Dada yangu akanikanyaga mguu mpaka kidole kikalia. Nukta alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigoda, na jicho lake la kushoto limeanza kujaa, safari hii hakuna aliyemwambia alie.

"Mdomo wangu ulikuwa mdogo," nikasema.

"Pole sana," akaniambia fundi saa, akanipa peremende.