Mafuta Yasiyo na Marashi

Tangu ajifungue mtoto wake wa tatu, Jerop alikuwa akiogopa jua likizama. Si kwamba mumewe alikuwa mkali. Kimaiyo alikamua ng'ombe katika shamba la Mzungu mmoja kule Rongai, na mikono yake ilikuwa ya subira. Lakini kila walipokaribiana Jerop aliumia kama kidonda kinachokwaruzwa, naye akasingizia mara kichwa, mara mtoto. Kimaiyo hakumlazimisha hata siku moja. Alihamishia tu blanketi lake upande wa jikoni, na jioni moja akasema polepole, "Kuna kazi Lanet, Mama Cheptoo. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Kama umenichoka, nitaenda, wala sitakulaumu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko maumivu yenyewe. Kesho yake Jerop alikwenda kwa Eucabeth Achola, mke wa mfanyakazi wa reli, mkunga wa wanawake wote wa pale stesheni ya Rongai. Eucabeth alitoka kwa Wajaluo, Jerop kwa Wakalenjin, na Kiswahili walichokutania kilikuwa cha kuungaunga.

"Mama Odero," Jerop alisema akitazama chini, "nimekauka."

"Pole, mwanangu!" Eucabeth hakuuliza zaidi. Alibandika sufuria, akamnywesha uji wa wimbi wenye njugu, akamfungia na unga wa kwenda nao.

Jerop alikunywa uji ule kwa utiifu. Maziwa yakafurika, blauzi ikawa haikauki, mtoto akawa anapaliwa. Maumivu yakabaki palepale. Mwezi ulipokuwa ukingoni, akarudi.

"Mama, maziwa ninayo hata ya kuoshea vyombo. Nimekauka... kwa upande wa Kimaiyo."

Eucabeth alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Yawa! Mimi nanyeshea shamba, kumbe kiangazi kiko kwa jirani!"

Jerop naye akacheka, machozi yakimtoka. Ndipo mama yule akamshika mkono na kumuuliza kama anatoka damu au ana kidonda, maana hayo ni ya kupeleka hospitali Nakuru. Hakuwa nayo. "Basi ni kunyonyesha. Kunakausha wengi. Si laana, wala si kwamba humpendi mumeo. Ni mafuta tu unahitaji."

"Nyumbani tuna ile dawa ya kuchua mgongo."

"Thubutu! Utaruka ukatue Molo!"

"Samli ya kibuyu je?"

"Hiyo kula na ugali. Ina moshi, na inachacha. Ya nywele yenye marashi nayo itakuwasha." Eucabeth akatoa chupa ya mafuta ya nazi aliyonunua kwa Mhindi, meupe, safi, yasiyotiwa kitu. Alikuwa amejiwekea mwenyewe. Akammiminia nusu. "Yapashe moto kiganjani kwanza. Ukiona yanawasha, acha. Na mwambie Kimaiyo. Mafuta bila maneno hayafiki mbali."

Jumapili mchana, watoto wakubwa wakiwa kanisani, Jerop alimwambia. Kimaiyo aliweka kikombe chini.

"Ulikuwa unaumia? Muda huu wote?"

"Ndiyo."

"Nami nikadhani unanichukia." Akajishika kichwa. "Hata ng'ombe simgusi kabla sijapaka mikono mafuta asiumie. Wewe nimekuacha hivihivi!"

"Umenifananisha na ng'ombe, Baba Cheptoo?"

"Na yule mwekundu wa baba, ambaye hatolewi mahari wala hauzwi."

Kwao hakuna sifa iliyozidi hiyo, na Jerop alijua. Akaficha uso kwenye kanga ili asionekane akitabasamu.

"Lanet watafute mtu mwingine," Kimaiyo akasema, akaenda kuchukua blanketi.

Usiku walipolala, Kimaiyo ndiye aliyepasha mafuta kiganjani, bila kuambiwa mara ya pili. Hakuharakisha. Jerop aliposema ngoja, alingoja, akamuuliza habari za mtoto, na wakaongea hayo mpaka mwili wa Jerop ukalegea wenyewe. Aliyasubiri maumivu kwa mazoea. Hayakuja. Akamvuta mumewe karibu zaidi, yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili.