Mvua ya Marie

Miaka michache kabla ya Uhuru wa Kongo, Raphaël alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Kasongo. Padri mmoja mzee ndiye aliyemfundisha piano. Alasiri, Padri alikuwa akipiga peke yake, polepole, vipande alivyotunga juu ya majira ya kwao Ubelgiji: majani yakianguka, theluji ikifunika mashamba. Raphaël hakuwahi kuiona theluji, lakini aliposikiliza alikuwa kama mtu anayekumbuka jambo. Siku moja akajiuliza: na majira yetu, nani atayapigia?

Akatunga kipande cha kiangazi, kisha kingine cha mvua ya kwanza. Wanafunzi walicheka.

"Mwalimu, hii haina ngoma. Mutu atacheza namna gani?"

Aliyekipenda kile cha mvua ni Marie, mchumba wake, binti wa wakulima wa Wamaza, upande wa Kabambare. Kila alipokuja Kasongo na mama yake kuuza mpunga, alipita misheni akasikiliza, amefumba macho.

"Unapenda nini mule?" Raphaël alimuuliza.

"Haisemi kitu. Basi mimi napata nafasi ya kusema, ndani ya roho."

Wazee walikwisha kupatana. Arusi ingefanyika kiangazi, njia zikikauka.

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa kali, Marie alishikwa na homa. Ndugu zake wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, kumpeleka dispensari. Walipofika mtoni, maji yalikuwa yamefurika na hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Wakangoja. Akafia pale ukingoni, chini ya majani ya migomba waliyomfunikia. Habari ilipomfikia Raphaël, Marie alikuwa amekwisha kuzikwa.

Raphaël aliendelea kufundisha. Piano hakuigusa.

Mvua zilipopungua, mama yake Marie, Mama Albertine, alikuja kwa miguu mpaka misheni. Alikataa kiti, alikataa maji.

"Mwalimu, unipigie ile ya mvua."

"Mama, siwezi."

"Nimetembea, mutoto wangu. Piga."

Akapiga. Vidole vilikuwa vizito, alikosea mara nyingi. Alipomaliza, mama alikuwa bado ameinamisha kichwa, anasubiri.

"Na sehemu ingine?"

"Imeisha, Mama."

"Hapana, haiishi pale. Tukiwa tunapanda mpunga Marie alikuwa anaiimba, bila maneno. Akifika pale, anaendelea."

Akaimba kwa pua, kwa sauti iliyokwaruza: sauti zilipanda kidogo, zikasita, zikashuka taratibu kama maji yanayotafuta njia kati ya matuta.

Raphaël hakuwahi kuzisikia. Marie hakumwambia, labda alimwekea mpaka siku ya arusi. Akaanza kuzitafuta kwenye piano.

"Hapana," mama alisema. "Pale anapumuzika kwanza."

Wakazipata. Ndipo Raphaël akalaza paji la uso juu ya piano, akalia kwa sauti. Mama Albertine alisimama mlangoni, macho makavu.

"Lia, mukwe wangu. Mimi nililia njiani."

Kiangazi kilipofika, wiki ile ile iliyopangwa kwa arusi, Raphaël alikwenda Wamaza. Akapalilia kaburi, akawasaidia ndugu za Marie kuezeka nyumba. Jioni Mama Albertine alileta ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaweka chini, akakaa mbele yake. Kwa desturi, mkwe hali mbele ya mama wa mke wake. Lakini mke hakuwapo. Wakanawa mikono, wakala sahani moja, na hakuna aliyetaja jina lake.