Simu Imekataa Kusema Nilipo

Mkutanoni watu wa ofisi ya misitu walisema kila mrina asali asimame chini ya mizinga yake, afungue tovuti yao kwenye simu, abonyeze "Thibitisha". Asiyefanya hivyo, sehemu yake ya msitu anapewa mwingine. Mizinga yangu iko upande wa Tura, juu ya miti ya mininga niliyoachiwa na baba. Simu niliachiwa na marehemu mke wangu, Siwema.

Nikapanda juu ya kichuguu ili mtandao ushike. Brauza ikauliza: tovuti hii ijue ulipo? Nikabonyeza "Ruhusu". Ramani ikaja, alama nyekundu iko Dar es Salaam. Nikarudia. Dar es Salaam. Mimi, ambaye hata Morogoro sijafika!

Nikaenda mjini kwa bwana misitu, Benjamini, kijana wa juzi tu, nikamwonyesha ile ramani.

"Shikamoo, mzee Uwesu. Kumbe siku hizi unarina Kariakoo?"

"Marahaba. Cheka tu. Msitu si wa baba yako."

"Uliruhusu lakini?"

"Mpaka kidole kikachoka."

Akaichukua simu, akaingia kwenye mipangilio. "Ona sasa. Wewe umeiruhusu tovuti, lakini simu yenyewe imeikataza brauza kujua lokesheni. Tovuti ikabahatisha kwa mtandao, na mtandao wako unatokea Dar. Nani alizima huku?"

Ni Siwema. Hakupenda kufuatwafuatwa.

"Na hilo la kuwasha huku," nikamuuliza, "mbona mkutanoni hamkulisema?"

"Si tulisema mruhusu?"

Akawasha. Halafu, kwa haraka zake za kwenda kula, akabonyeza "Thibitisha" yeye mwenyewe, pale pale mezani. Alama ikatoka Dar, ikatua Tabora mjini, juu ya paa la ofisi yake.

"Lo!" akasema.

"Futa."

"Haifutiki, mzee wangu. Mpaka msimu ujao."

"Basi andika kwamba umekosea wewe."

"Mfumo hauna mahali pa kuandika hilo."

Haikupita wiki, sehemu yangu wakapewa wageni walioletwa na gari la ofisi, nami nikaamriwa nishushe mizinga. Nikashusha miwili usiku, kwa moshi wa kuwatuliza nyuki, nao wakanizunguka kama wananiuliza tunakwenda wapi. Mikono ikagoma. Iliyobaki nimeiacha juu, imejaa nyuki. Waje waishushe wao wenyewe, mchana kweupe, bila moshi.