Karatasi Saba Juu ya Mizani

Saa moja na nusu asubuhi, Hippolyte alifuta mizani kubwa ya bandari ya Albertville kwa kitambaa kikavu, akahakikisha sindano iko kwenye sufuri, kisha akaweka juu yake sanduku la maoni. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa mpimaji, na kila mzigo ulioondoka kwa meli au kwa treni ulipita kwake kwanza.

Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi thelathini na mbili. Mwaka huo wa 1963, wakubwa wa kampuni kule Léopoldville walitaka kila mfanyakazi aandike, bila jina, anavyomwona shefu wa bandari, Papa Cyprien. Sindano ilipanda hadi kilo mia mbili na kumi na nne.

Alipolinyanyua, kitako kilichomoka. Karatasi ishirini na tano, zote za sifa, zilipeperuka zikatua juu ya magunia ya pamba. Saba zilibaki kwenye mizani, kila moja kilo thelathini. Hippolyte alijaribu kuinua moja kwa mikono miwili, ikakataa. Akashika ile aliyoiandika mwenyewe kwa vidole viwili, ikainuka. Aliirudisha upesi.

Alikuwa ameandika: *Kamba ya chuma ya winchi imekatika nyuzi tisa. Shefu ameambiwa mara tatu.* Chini ya winchi hiyo alifanya kazi Léon, kaka wa mke wake, akifunga mizigo kwenye ndoano.

Saa mbili Papa Cyprien alifika. Aliinama, mikono magotini, akazisoma zote saba. Akajaribu kuinua moja, akashindwa, akajipangusa mikono.

"Si neno," alisema. "Kila muntu atabeba yake aliyoiandika. Itakayobebwa itaenda Léopoldville, ninaahidi. Na mwenye kubeba nitamujua. Nyumba za kampuni ni chache."

Wanaume walipanga mstari. Barnabé alitangulia, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Eh, Barnabé!" Léon alisema. "Jana magunia mawili, leo karatasi?"

"Mugongo, ndugu yangu."

Watu walicheka kidogo. Karatasi ya Barnabé ilidai shefu ameuza magunia arobaini ya sukari. Hippolyte ndiye aliyeyapima magunia hayo, na hakuna hata moja lililopungua. Lakini Barnabé alikuwa amenyimwa likizo, na karatasi yake ilikuwa kilo thelathini kama nyingine. Hippolyte aliitazama sindano, asijue alaumu nini.

Zamu yake ilipofika, alishika karatasi yake akaguna. Ilikuwa nyepesi kuliko mara ya kwanza. Ilitaka kuinuka yenyewe, ikabidi aikandamize kwa dole gumba. Alifikiria ufunguo wa nyumba ya kampuni na watoto wanne waliolala humo. Jasho lake lilikuwa la kweli.

Léon alisimama karibu. Aliliona lile dole gumba.

"Na yako njo nzito, shemeji?"

"Haiinuki," Hippolyte alisema.

Léon alitazama juu kwenye kamba, akavaa glavu zake, akarudi mahali pake.

Hakuna aliyebeba kitu. Karatasi ishirini na tano zilifungwa kwa uzi, zikapanda treni. Baada ya wiki sita ilirudi barua ya pongezi, na Papa Cyprien akapewa kiti cha ngozi. Hakumfukuza mtu. Kamba haikubadilishwa.

Zile saba zilibaki pale zilipokuwa. Mizigo iliwekwa juu yake, bati la migodi ya Manono na magunia ya pamba, na Hippolyte aliandika kwa chaki kwenye nguzo: *Toa 210*. Mabaharia wa Kigoma walizoea, wakawa wanatoa wenyewe kabla hajawaambia.

Asubuhi moja, mizani ikiwa haina mzigo, sindano ilisimama kwenye mia mbili na kumi na tatu. Hippolyte aliinamia karatasi moja baada ya nyingine. Kisha akaenda chini ya winchi na kuhesabu taratibu nyuzi zilizokatika, mara mbili. Sasa zilikuwa kumi na mbili.

Alirudi, akafuta nguzo kwa kitambaa, akaandika *Toa 213*, akampungia Léon mkono alete mzigo unaofuata.