Mota Zilizotazamwa kutoka Chini

Fundi cherehani alichomeka chuma cha kulehemia kwenye umeme. Kabla hakijapata moto, mumewe marehemu aliingia kwa mlango wa jikoni, akavua viatu, akajilaza chali chini ya meza ya kukatia nguo. Tangu azikwe, hakupenda tena viti. Mkewe alimteremshia taa, kisha ile droni ya mikono minne aliyoianza kabla hajaugua.

Mtoni kulikuwa na daraja. Lilikuwa limefunguliwa rasmi na utepe ukakatwa, ingawa lilikuwa nguzo tupu. Marehemu alifia ukingoni akisubiri mtumbwi, huku anaiona hospitali ng'ambo. Sasa mto ulikuwa umefurika tena, na insulini ya mama yake ilikuwa kwenye kichupa cha mwisho. Dada yake, muuguzi huko ng'ambo, alikuwa nayo tele kwenye friji. Kilichokosekana ni cha kuivusha.

Kila mota ilikuwa na nyaya tatu. Ukizibadilisha mbili nafasi, mota inazunguka kinyume. Marehemu alilijua hilo kuliko jina lake. Akiwa chali, droni juu ya uso, alilehemu, akajaribu mota moja moja, akaridhika. Mkewe akafunga mapanga ya kusukuma hewa, akaiwasha mezani. Vipande vya nguo vilivyokuwa karibu vikanyanyuka; droni yenyewe ikajikandamiza kwenye mbao, kana kwamba inataka kutoboa imfuate aliye chini.

Walikagua kila kiungo. Hakuna waya uliolegea, wala panga lililofungwa kichwa chini. Kesho yake ikawa vilevile. Muuguzi alipopiga simu, ikawekwa kwenye spika, aliambiwa kaka yake anasema nyaya ziko sawa.

"Basi meza ndiyo mbovu," alisema. "Wifi, huyo hakukubali kosa akiwa hai, atakubali leo?"

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alisema jamani anasikia.

Fundi cherehani alivua futi ya shingoni, akajilaza ubavuni pa mumewe. Sakafu ilikuwa baridi na bega lake lilikuwa palepale lilipokuwaga. Akamwomba azungushe mota. Akazitazama zote nne, akazilinganisha na mishale ya mchoro uliokuja na vipuri.

"Ukiwa hapa zinazunguka sawa," alisema.

"Si nilikwambia?"

"Lakini aliyechora alikuwa anatazama kutoka juu, baba watoto."

Marehemu aliizima mota ya mwisho.

"Nilishasahau kama kuna juu," alisema.

Mkewe akaigeuza droni mikononi mwa mumewe, miguu ikaelekea juu, mgongo ukamwelekea yeye. Marehemu akabadilisha nyaya mbili kwenye kila mota, bila ubishi. Alasiri hiyo ilipaa, ikapita juu ya nguzo, ikarudi na kisanduku kilichofungwa kwa bendeji. Mama mkwe alijichoma sindano yake, akamuuliza mwanawe kama hasikii baridi huko chini. Akajibu kwamba ameshazoea.

Wiki hiyo wakubwa walikuja kupaka nguzo rangi mpya, wakapiga picha, wakaondoka.

Muuguzi alipiga simu tena. Alisema upande wa huku kwa wifi yake kulikuwa na wagonjwa wengine wanaosubiri dawa, na droni moja haingetosha. Fundi cherehani alikunja kitambaa kinene, akakisukumiza chini ya kichwa cha mumewe. Kisha akamteremshia fremu ya droni ya pili, safari hii ikiwa imeshageuzwa.