Mlio wa Upinde Ukutani

Mume wangu alipokufa aliacha upinde ambao haujaisha. Ulitundikwa kwenye msumari katika chumba cha nyuma, alimokuwa akifanyia useremala wake. Haukuwa upinde wa fimbo iliyokunjwa tu. Alipasua mbao nyembamba, akazigandisha kwa gundi moja juu ya nyingine, na ncha zake akazipinda zitazame mbele, kama midomo ya mtu anayetaka kusema jambo. Aliniahidi kwamba ukiisha, wa kwanza kuuvuta nitakuwa mimi.

Kila mchana, bati la paa lilipopata moto, upinde ule ulitoa mlio mdogo. Tik. Kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Mama mkwe alikuja kwetu wakati wa msiba na hakuondoka tena. Kiti chake alikiweka karibu na mlango wa chumba kile, na mlio ukitoka aliinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua na kusema, "Naam, baba."

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kufagia saa ile, ufagio usije ukaufunika mlio.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ni fundi baiskeli. Mchana mmoja alikuja kutujulia hali, akausikia mlio, akasikia na mama yake akiitika. Aliingia chumbani, akautoa upinde msumarini na kuupeleka dirishani kwenye mwanga.

"Shemeji, hebu njoo uone."

Karibu na ncha ya juu, pale mbao zinapoanza kupinda, gundi ilikuwa imeachia. Ufa ulitosha kuingiza ukucha. Kando yake gundi ilifurika na kukauka, na ndani yake mlikuwa na alama za vidole vya mume wangu.

"Hapa mipira ilimwishia," shemeji alisema. Mume wangu alikuwa akizifunga mbao zenye gundi kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akizungusha na kukaza mpaka zikumbatiane. "Akaamua kushikilia kwa mkono. Na mipira imejaa kwangu, imenikosesha pa kukanyaga. Lakini kaka kuomba kitu, bora ang'olewe jino."

"Alikuwa anakohoa," nikasema. "Hakuweza kufika kwako."

Akakipitisha kidole kwenye zile alama. "Vidole vilichoka kabla gundi haijakauka."

"Na mlio?"

"Ni ufa unatembea. Joto likipanda mbao zinavutana, gundi inaachia kidogo. Ukiendelea hivi, siku moja hamtasikia tik. Mtasikia kishindo, na ncha mtaiokota sakafuni."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Urudishe ukutani."

"Mama, unavunjika."

"Mwanangu ananiita, wewe unaniletea habari za gundi."

"Mama, kaka lini aliita mtu mchana? Akishakula alilala kama gogo."

Mama alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka, na kabla hakijaisha kikawa kilio. Shemeji aliurudisha upinde mahali pake, akaenda zake bila kuaga.

Kuanzia hapo mama aliupakata. Alikaa nao mapajani, vidole vyake juu ya zile alama, akingoja. Mchana mmoja ulilia mara mbili mfululizo, na mara ya pili niliuona ukimtetemekea mikononi. 

"Mwite shemeji yako," mama akasema. "Mwanangu anaumia."

Gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokauka, kwa hiyo ya zamani ilibidi itoke yote. Shemeji alipenyeza kisu chembamba ndani ya ufa, kisha akakwangua nje. Alama za vidole zilidondoka juu ya gazeti, vumbi la manjano. Nilitazama pembeni, nikasugua kwa msasa mpaka ubao ukarudi rangi yake. Tulipopaka gundi, mama aliomba kushika mwisho wa mpira.

"Kaza, mama. Usimwonee huruma."

Akakaza.

Gundi ilipokauka tuliufunga kamba na kuujaribu taratibu. Mkono wa chini wa upinde ulikataa kukunjika sawa na wa juu. Shemeji alisema mnyonge haongezewi kitu. Mwenye nguvu ndiye anayepunguzwa. Nikaupunguza kwa kipande cha kioo, unyuzi kwa unyuzi, nikijaribu na kukwangua tena, hadi mikono yote miwili ikakunjika sawasawa.

Niliuvuta mchana, bati likiwa la moto, mama kitini pake, shemeji ameegemea ukuta. Kamba ilifika shavuni kwangu. Hapakuwa na mlio wowote. Niliirudisha polepole, kwa maana upinde usio na mshale hauachiliwi.

"Umepona," shemeji alisema.

Nikautundika msumarini. Chumba kilikuwa kimya kuliko siku mume wangu alipotolewa kwenda kuzikwa. Nilichukua ufagio, nikaanza kufagia kwa nguvu ili pawe na sauti yoyote.

"Naam, baba," mama mkwe akasema.

Niliusimamisha ufagio. Sikusikia kitu. Shemeji alinitazama, nami nikamwonyesha kwa kichwa asiseme neno. Tukangoja, wote wawili, mpaka mama alipoinamia tena mchele wake.