Trei ya Daktari

Chizuru alikaa katika chumba cha kungojea, tonge la wali alilotengenezewa na shangazi yake mkononi, halili wala haliweki chini. Ndani, baba yake, mzee Tokuji, alikuwa akipasuliwa kifua na tumbo kwa mkupuo mmoja: kwanza mishipa ya moyo iliyoziba itengenezewe njia za pembeni, kisha sehemu ya mfuko wa chakula yenye saratani ikatwe. Moyo ule usingestahimili kisu cha tumbo kabla ya kutengenezwa, na saratani nayo haikuwa ya kungoja moyo upone. Mzee alisita. Chizuru ndiye aliyemsihi: "Mara moja, baba, tumalize."

"Kula, mwanangu," alisema shangazi Fusae. "Ukizimia hapa watakupasua na wewe."

"Shangazi, haya si ya utani."

"Nisipotania nitalia. Chagua."

Mlango ukafunguka. "Familia ya Ishiguro," muuguzi aliita. "Daktari anawahitaji."

Utani ukamkauka shangazi mdomoni. Walikuwa wameambiwa upasuaji utachukua mpaka jioni, na jua lilikuwa bado utosini. Kwa mumewe Fusae pia waliitwa mapema hivi hivi: mume alifunguliwa tumbo, saratani ikakutwa imetapakaa, akafungwa. Siku ile daktari alitoka mikono mitupu, hana kipande kilichokatwa cha kuwaonyesha kama ilivyo desturi.

"Ni mimi niliyemsukuma," Chizuru alinong'ona.

"Twende," shangazi alisema, akamshika mkono. Wake ulikuwa baridi zaidi.

Daktari aliwangoja katika chumba kidogo, barakoa kidevuni. Chizuru hakuthubutu kumtazama usoni. Alitazama mikono.

Ilishika trei.

Juu yake palikuwa na kipande cha mfuko wa chakula, kimechanwa na kutandazwa. "Saratani ndiyo hii," daktari alionyesha. "Haijatapakaa, ndiyo maana tumemaliza mapema. Moyo nao umepata njia mpya. Hatukuusimamisha, tumeshona huku ukidunda. Hatari haijaisha, lakini sasa wanamfunga."

"Mbishi huyo!" shangazi alisema, machozi yakimtiririka. "Hata moyo wake haukubali kusimamishwa!"

Chizuru akainama, akainama tena, asijue anamwinamia daktari au kile kipande. Ndicho kilichopokea wali wa kwanza aliopika Chizuru utotoni, chini umeungua, juu mbichi, na baba akaomba bakuli la pili.

Waliporudi vitini, tonge lilikuwa bado mkononi, limebondeka. Akaliuma.

"Shangazi, umezidisha chumvi."

"Ala! Kumbe ulimi unao."